Mwanafunzi mwenye tatizo la afya ya akili: namna ya kumbakiza darasani

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa darasa katika shule za kata za mkoa wetu wa Tabora, yule mwenye wanafunzi sabini au themanini kwenye chumba kimoja, asiye na mtaalamu wa saikolojia shuleni, na ambaye kufika hospitali yenye kliniki ya afya ya akili kunamgharimu nauli ya maana. Nafundisha mkoa huu huu. Ninayoyaeleza hapa yanawezekana kwa chaki, daftari na dakika chache za mapumziko.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kati ya vijana 7 wenye umri wa miaka 10 hadi 19, mmoja anaishi na tatizo la afya ya akili, na kwamba theluthi moja ya matatizo haya huanza mtu akiwa hajafika miaka 14, na nusu akiwa hajafika miaka 18. Huo ni wastani wa dunia nzima, lakini ukiupigia hesabu kwenye darasa la wanafunzi 70 unapata watoto kumi. Na miaka 14 kwetu ni kidato cha kwanza au cha pili. Kwa hiyo tatizo linapoanza, mtu mzima anayekaa na mtoto huyo saa nyingi za mchana ni wewe. Hakuna anayekudai umtibu. Unachodaiwa ni kuona mapema, kumfikisha kwa wenye kutibu, na muda wote huo kuhakikisha hatoki shuleni. Hili la mwisho ndilo tunalolisahau. Mtoto anaweza kupona sonona, yaani ile huzuni nzito isiyoondoka, vizuri kabisa, akakuta wenzake wameshamwacha kidato kizima na nyumbani wameshamgawia ekari ya tumbaku.

Hatua ya 1: Andika ulichokiona, usiandike ugonjwa

Tafuta daftari dogo, liwe lako peke yako. Usiandike "ana sonona" wala "amechanganyikiwa". Andika tarehe, kipindi na jambo lenyewe, kama hivi:

"Jumanne, kipindi cha tatu. Kalaza kichwa mezani, hakuandika kitu. Nimemwita jina mara mbili hakuitika. Mapumziko kabaki darasani. Rafiki yake kasema hajala tangu jana."

Mistari minne kama hiyo, ikikusanyika kwa wiki mbili, itamsaidia daktari kuliko barua ndefu ya kusema mtoto "amebadilika tabia". Na maneno ya namna hiyo hayamharibii mtoto jina, hata daftari likiangukia mikononi mwa mtu mwingine.

Linganisha mtoto na alivyokuwa yeye mwenyewe zamani, si na wenzake. Aliyekuwa mcheshi akanyamaza, aliyekuwa msafi akaacha kuoga, aliyekuwa wa tano akawa wa sitini ndani ya muhula mmoja. Mwingine anakasirika kwa jambo dogo, mwingine analia bila sababu, mwingine anaongea peke yake au anaziba masikio kana kwamba anasikia sauti wengine hawaisikii. Mabadiliko yakidumu wiki mbili au zaidi na yakimzuia kusoma, kula, kulala au kukaa na wenzake, nenda hatua inayofuata. Akianza kusikia sauti au kuzungumza kujiumiza, usisubiri hizo wiki mbili.

Mtundu anayerusha viti utamwona tu. Wa kumtafuta ni yule mpole wa nyuma, asiyesumbua mtu, ambaye kila mwalimu anamsifia kwa utulivu.

Hatua ya 2: Ondoa kwanza sababu nyingine

Hapa ndipo uenyeji wako unapokuwa na thamani, kwa sababu sisi tunajua maisha ya watoto wetu kuliko kitabu chochote.

Mtoto anayesinzia mfululizo kuanzia Februari hadi Aprili, hebu nusa sweta lake. Kama linanuka moshi, huenda usiku kucha alikuwa analinda moto wa bani, banda la kukaushia tumbaku. Ukaushaji wa tumbaku hauna usiku wala mchana, joto likishuka majani yanaharibika, na zamu ya alfajiri mara nyingi anapewa kijana wa nyumbani. Huyo hana ugonjwa, ana usingizi. Na anayetapika, kizunguzungu kikimshika na kichwa kikimuuma baada ya kuvuna majani yenye umande, anaweza kuwa amedhuriwa na nikotini iliyopenya kwenye ngozi. Ajifunike mikono, asivune majani yakiwa yamelowa, na mzazi aelezwe kwamba mtoto hapaswi kufanya kazi hiyo kabisa.

Muulize kuhusu malaria, kuhusu chakula, kuhusu macho na masikio. Muulize anaishi wapi. Watoto wengi wa vijiji vya mbali wamepanga geto karibu na shule, wana miaka kumi na minne, wanajipikia, na jioni wakifunga mlango hakuna mtu mzima wa kuwauliza wamekula nini au nani kaingia humo ndani. Ukimya wa msichana wa geto uuchukulie kwa uzito mkubwa. Mara nyingi kuna mtu mzima anamsumbua, na hapo kesi inahamia kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi.

Kisha kuna kifafa. Si ugonjwa wa akili, ni wa ubongo, ila katika hospitali zetu wagonjwa wake mara nyingi huhudumiwa kliniki ile ile. Kipo kifafa kisichoangusha mtu: mtoto anakatika ghafla katikati ya sentensi, anakodoa macho sekunde chache, kope zinapepesa, halafu anaendelea kama hakuna lililotokea. Ikimpata mara nyingi kwa siku, anakosa nusu ya somo na wewe unamwita mzembe. Kwa kile cha kuanguka, mlaze ubavu, ondoa mawe na madawati, weka sweta chini ya kichwa, usimtie kijiko mdomoni. Mate yake hayaambukizi, na waambie darasa zima wakusikie ukilisema hilo huku umemshika. Degedege likizidi dakika tano, au likirudi kabla hajazinduka, tafuta bodaboda au gari.

Hatua ya 3: Zungumza naye

Usimwite ofisini. Kwa mtoto, ofisi ya walimu ni mahali pa kuchapwa, na walimu wengine sita wanasahihisha humo ndani. Kaeni chini ya mwembe, mahali mnapoonekana na watu wote ila hamsikiki. Hii inamlinda yeye na inakulinda wewe pia. Anza na ulichokiandika:

"Mwanangu, naona wiki ya pili hii hutoki mapumziko, na daftari la Hisabati lina kurasa tupu. Sijakuita kukugombeza. Kuna nini?"

Halafu nyamaza. Atakujibu "Hamna kitu, mwalimu." Wengi husema hivyo mara ya kwanza. Mwambie: "Sawa. Alhamisi baada ya kipindi cha mwisho nitakuwa hapa hapa." Na Alhamisi uwepo kweli.

Usimwahidi siri usiyoweza kuitunza. Akikuambia "usimwambie mtu", mjibu kweli: "Mambo mengi yatabaki kwangu. Ila kama maisha yako yako hatarini, nitamtafuta mtu wa kutusaidia, na nitakuambia kwanza kabla sijamwambia yeyote."

Na ukihisi amekata tamaa, muulize moja kwa moja: "Umewahi kufikiria kujiua?" Walimu wengi wanaogopa kwamba swali litampandikizia wazo. Halimpandikizii. Kwa aliyebeba wazo hilo peke yake, kuulizwa ni nafuu. Akisema ndiyo, usimtolee mahubiri wala usimwambie anawatia aibu wazazi. Usimwache peke yake hata kwa nusu saa. Mjulishe mkuu wa shule, muiteni mlezi, mwombeni aondoe nyumbani vitu vinavyoweza kumdhuru, hasa dawa za shambani, na siku hiyo hiyo afikishwe kituo cha afya. Namba 116, ya huduma ya simu kwa mtoto, hupigwa bure nchi nzima, na hata wewe mwalimu unaweza kuipiga kuomba ushauri. Kujaribu kujiua kumeandikwa kuwa kosa katika Kanuni ya Adhabu, na ndiyo sababu familia nyingi hulificha jambo hili. Mtoto wa namna hiyo mpelekeni kwa daktari, na wazazi wahakikishieni kwamba mnachotafuta ni tiba.

Hatua ya 4: Nenda nyumbani, na uende kwa adabu

Barua ya wito hufanya mzazi aje akiwa ameshakasirika na fimbo ya kumchapa mtoto mbele yako. Kama inawezekana, nenda wewe. Salimia inavyopaswa, kaa unapoonyeshwa, kunywa maji utakayopewa, ulizia mvua na shamba. Kisha anza na jema la mtoto: "Shikamoo mama. Kijana wenu ana adabu sana, na ndiyo maana nimekuja, maana siku hizi namwona hayuko sawa." Fungua daftari, msomee ile mistari yako. Mzazi naye atakuwa na yake: halali usiku, anakataa kula, ameanza kuogopa kwenda kisimani.

Karibu kila mara utakuta wameshaanza kwa mganga au kwenye maombi. Usicheke wala usibishane. Ukimlazimisha mama achague kati ya mchungaji wake na hospitali, umeshampoteza, na mtoto umempoteza pia. Mwambie maombi yaendelee na hospitali aende. Lakini yapo mambo matatu ya kuyakataa wazi, kwa sauti ya upole isiyoyumba: asifungwe kamba wala mnyororo, asinyimwe chakula kwa jina la mfungo, na akipewa vidonge asivikatishe kwa kuwa mtu amesema ameshapona. Ukiona mtoto anateswa, hilo si la kubembelezana tena. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda, na afisa ustawi wa jamii yupo kwa kazi hiyo.

Njia ya matibabu huanzia zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya, na kutoka hapo rufaa huja Kitete, hospitali ya rufaa ya mkoa. Mirembe, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Dodoma, ni kwa wachache ambao hali yao inazidi uwezo wa huku. Lieleze hilo mapema, maana kwetu kumtaja Mirembe ni tusi, na mzazi akisikia "afya ya akili" anachokiona kichwani ni mwanawe anapandishwa treni ya Dodoma. Wengi hutibiwa wakilala nyumbani kwao.

Hatua ya 5: Punguza uzito wa darasa

Mtoto akianza dawa, muulize mlezi jina la dawa na saa ya kuinywa, uandike. Dawa nyingi za akili huleta usingizi, hasa wiki za mwanzo, nyingine hukausha kinywa, nyingine hutetemesha mikono. Kwa hiyo mruhusu awe na chupa ya maji na atoke kujisaidia bila kuomba kila mara. Mwandiko ukiharibika, usimkate alama za usafi wa kazi. Kama anasinzia kila asubuhi, mzazi amwombe daktari ahamishie kipimo usiku, na mara nyingi inawezekana. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla hazijaonyesha kazi, na wazazi wengi huacha katikati wakiamini hazifai. Hapo neno la mwalimu lina nguvu sana. Wakumbushe wasikate tamaa, wala wasiziache bila kumwona daktari.

Kuna dalili moja naomba kila mwalimu na kila matroni aijue. Mtoto aliyeanza dawa au sindano za kutuliza akili siku chache zilizopita anaweza ghafla kukakamaa shingo ikageuka upande, macho yakakwama juu, ulimi ukatoka nje. Inatisha, na watu huanza kukemea mapepo. Ni madhara ya dawa yanayojulikana. Mkimbizeni hospitali, wana dawa ya kuyaondoa haraka. Kwa kutojua jambo hili, familia nyingi huapa kutorudi tena kliniki.

Kuhusu kiti, mwache achague. Mwenye hofu kali hutaka karibu na mlango ajue anaweza kutoka. Asiyetulia akae mbele, mbali na dirisha linalotazama barabara. Jirani yake awe mtu mwenye subira, na umwombe jirani huyo, usimwamuru.

Kazi igawe vipande. Badala ya maswali kumi, mpe matatu, ukipita tena mpe mengine matatu. Usimsimamishe ghafla kusoma mbele ya watu. Mwambie jana yake: "Kesho nitakuuliza swali la pili." Mitihani ya ndani iko mikononi mwenu, mpeni muda wa ziada au chumba tulivu kama ofisi ya taaluma. Ya taifa ina taratibu zake, kwa hiyo mkuu wa shule aanze kuuliza kwa afisa elimu mapema, wakati wa usajili, si wiki ya mtihani.

Hayo yote hayahitaji umwonee huruma mbele za watu. Mtoto anajua anapodekezwa, na anaona aibu. Mdai kazi, ila mdai ile anayoiweza leo.

Hatua ya 6: Siku ya dharura

Hofu ikimpanda, moyo unamwenda mbio, anatweta, anadhani anakufa. Mtoe nje taratibu, keti naye, ongea polepole, pumua naye: ndani kwa hesabu ya nne, nje kwa hesabu ya sita. Kwa kawaida hupungua ndani ya dakika chache. Ikiwa ni mara ya kwanza, mpeleke apimwe hata kama ametulia.

Anayesikia sauti au kuona vitu, usibishane naye kwamba havipo, wala usikubali kwamba vipo. Mwambie: "Mimi sisikii, lakini naona unaogopa, na niko hapa." Watoe wenzake, si yeye, kama hali inaruhusu.

Halafu lile la wasichana kuanguka. Mmoja anapiga kelele bwenini, wa pili anaanguka, saa moja baadaye wako kumi na tano na uwanja umejaa watu. Halikuanza jana. Januari 1962, katika shule ya wasichana ya Kashasha karibu na Bukoba, kicheko kisichozuilika kilienea kwa wanafunzi wengi hadi shule ikafungwa mwezi Machi. Watoto hawa hawaigizi. Miili yao imezidiwa na mzigo, na hali huenea kwa kuona na kusikia. Watenganisheni, kila mmoja na mtu mzima mmoja mtulivu, mahali penye hewa. Watazamaji waondoke. Maombi ya hadhara yenye kelele pale mstarini huongeza idadi, nawasihi wakuu wa shule wasiyaruhusu. Walio wazima waingie darasani na vipindi viendelee. Mtu wa afya awaangalie wote walioanguka, kwa sababu mmoja wao anaweza kuwa na malaria kali kweli. Yakitulia, kaeni na wasichana muwaulize bila vitisho: maji yapo? Usiku mnalala? Nani anawatisha? Majibu yake mara nyingi huwa ya kufanyiwa kazi na uongozi, na yasipofanyiwa kazi hali hujirudia.

Hatua ya 7: Fimbo na midomo

Kanuni za adhabu ya viboko zinamruhusu mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini ya maandishi, visizidi vinne, na kila mara iandikwe. Kwa mtoto aliye kwenye matibabu ya akili, mwombe mkuu aweke wazi katika kikao cha walimu kwamba hatachapwa, na adhabu yake ipitie kwako. Hakuna fimbo iliyowahi kumwondolea mtu sonona, ila nyingi zimemfanya mtoto aliyebakiwa na nguvu ya kufika shuleni aache hata kufika.

Kuhusu midomo, anza na ofisi ya walimu. Tukiitana "chizi" kwa utani kwenye chai, wanafunzi wanatusikia dirishani. Darasani, usimtaje mtoto. Fundisha jambo lenyewe siku ya kawaida, kwamba kichwa huugua kama tumbo linavyougua, na kwamba mtu hutibiwa akarudi kazini.

Hatua ya 8: Anaporudi

Aliyelazwa au aliyekaa nyumbani muhula mzima anaogopa lango la shule kuliko mtihani. Tangu Novemba 2021 serikali imefungua mlango wa kurudi kwa waliokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, kwa hiyo hakuna mwalimu wa kumwambia mtoto nafasi yake imeshajazwa. Mpangie arudi kwa nusu siku wiki ya kwanza kama mkuu ataridhia. Rafiki mmoja amngojee langoni. Notsi za masomo mawili au matatu ziwe zimeshanakiliwa, asianze na rundo la masomo tisa. Mstarini asitangazwe, hata kwa kumkaribisha. Waambie walimu wenzako wasimuulize "ulikuwa wapi", wamwambie tu kipindi kimefikia ukurasa gani.

Tarehe za kliniki ziandike kwenye daftari lako na umruhusu mapema. Watoto wengi hukosa dawa kwa sababu kliniki iliangukia siku ya jaribio.

Hatua ya 9: Mkabidhi kwa mwalimu mwingine

Tunahamishwa, tunakwenda likizo ya uzazi, na Januari mtoto anapanda kidato. Usiondoke na habari zake kichwani. Andika ukurasa mmoja: dalili zake za mwanzo zinavyoonekana, dawa na saa zake, siku za kliniki, simu ya mlezi, jina la rafiki anayemsikiliza, kinachomtuliza, kinachomchafua. Mwonyeshe mtoto mwenyewe kabla hujaukabidhi, na kama kuna mstari anaoomba uufute, na haugusi usalama wake, ufute. Kisha mpeleke ukamtambulishe kwa mwalimu mpya ana kwa ana, ukurasa huo ubaki kwenye kabati la mkuu lenye kufuli.